Namba ya sensa, 61,741,120: ikague bila kikokotoo

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini: Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Je, hesabu hiyo imejumlishwa sawasawa?

Jumlisha tarakimu za kila namba hadi ibaki moja. Bara ni 42, yaani 6. Zanzibar ni 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Jumla kuu ni 22, nayo 4. Zimelingana.

Sababu ni kwamba namba na jumla ya tarakimu zake huacha baki ileile zikigawanywa kwa 9.

Zisipolingana, pana kosa. Lakini 54 ikiandikwa 45, njia hii haioni.

Msikilizaji wa Kibondo na Kasulu, kagua hivyo daftari la kikundi kabla ya kugawana akiba.