Asili ya Vitenzi Vikaidi vya Kiingereza

Kila aliyesomeshwa Kiingereza katika madarasa yetu ameikariri ile orodha ya "sing, sang, sung" na "drink, drank, drunk", na wengi wameondoka darasani wakiamini kuwa lugha hiyo haina nidhamu, ilhali maumbo hayo ni mabaki ya kanuni kongwe kuliko hiyo tunayoiita kanuni leo.

Makabila ya Kijerumani yaliyovuka bahari na kukaa Uingereza tangu karne ya 5 yalikuwa na namna mbili za kutaja wakati uliopita: ya kale, iliyobadili irabu ndani ya kitenzi kwa utaratibu maalumu, na ya baadaye, iliyotia sauti ya "d" au "t" mwishoni, ambayo ndiyo mama wa "-ed". Mwanachuoni Jacob Grimm, katika sarufi yake kubwa iliyoanza kutolewa mwaka 1819, aliviita vya kwanza vitenzi vyenye nguvu na vya pili vitenzi dhaifu. Lakini kwa taksiri ya dahari, dhaifu ndivyo vilivyoshinda. Wanormandi walipoiteka nchi mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yakaingia kwa wingi, na takriban vitenzi vyake vyote vikapokea "-ed", hata vile vya asili navyo vikaanza kuifuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha mwaka 2007 kuwa, katika vitenzi vikaidi 177 walivyovichagua kutoka Kiingereza cha kale, 98 tu vimebaki na ukaidi wao.

Wala safari haikuwa ya upande mmoja. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "holpen", ambayo leo ni "helped", na ina "digged", ambayo leo ni "dug". Na "catch", neno lililotoka kwa Wafaransa, likajichukulia "caught" kana kwamba ni mzaliwa. "Go" ndiyo iliyopatwa na makubwa, kwani ilipoteza wakati uliopita wake wa asili, ikaazima "went" kwa kitenzi kingine, "wend". Vilivyosalimika zaidi ni vitenzi vya kila siku, vya kuwa, kwenda, kula na kuona, kwa sababu mtoto huvisikia mara nyingi mno kabla hajaijua kanuni yoyote.

Hata Waingereza wenyewe walitatizika: Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, katika sarufi yake ya mwaka 1762 aliwalaumu waandishi mashuhuri kwa kuandika "wrote" pahala pa "written".

Basi nawasihi walimu wetu waache kuipanga orodha hii kwa alfabeti, wavikusanye vitenzi kwa jamaa zake, "begin" pamoja na "swim" na "drink", "write" pamoja na "ride" na "drive", ili mwanafunzi auone utaratibu uliomo.