Utitiri wa varoa: kabla hujatia dawa mzingani, soma historia hii

Mwezi uliopita mfugaji mmoja wa hapa Bulyaga aliniletea kipande cha sega. Kwenye majana ya madume kulikuwa na vidudu vya rangi ya kahawia iliyoiva, vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Akaniuliza, "Bwana shamba, nyumbani nina dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nipulizie mzingani?" Nikamwambia asubiri kwanza.

Mdudu huyo ni utitiri wa varoa. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia, ambao walishazoeana naye. Katika karne ya 20 alihamia kwa nyuki wa jamii ya wetu, akasambaa pamoja na mizinga iliyosafirishwa. Marekani alionekana mwaka 1987, Afrika Kusini 1997. Mwaka 2009 watafiti walimkuta Kenya na Tanzania.

Ulaya na Marekani, kundi lisilotibiwa mara nyingi hufa ndani ya miaka miwili au mitatu. Wafugaji wakaanza kuning'iniza mzingani vipande vya plastiki vyenye dawa. Mwanzoni utitiri ulipukutika. Kufikia miaka ya 1990 ulianza kuwa sugu, kama kupe wetu wanavyozoea dawa, na mabaki yakabaki kwenye nta. Wengine wakatumia asidi ya fomiki, ambayo hupenya hadi kwenye majana yaliyofunikwa, ndiko utitiri unakozaliana. Lakini joto likizidi, nyuki hutoka na kujazana nje ya mzinga, majana hufa, hata malkia hupotea.

Afrika Kusini wafugaji wengi hawakutia dawa. Makundi mengine yalidhoofika, lakini baada ya miaka michache yaliyobaki yakawa stahimilivu. Kenya nako, uchunguzi wa mwaka 2010 katika maeneo 24 ulikuta utitiri karibu kila mahali, lakini makundi yenye utitiri hayakuwa madogo kuliko mengine. Nyuki wetu husafishana, hutoa nje majana yaliyoshambuliwa, na huhama wakiacha masega ya zamani.

Ndugu mfugaji, dawa nyingi za kupe huua nyuki. Wasipokufa, harufu kali huweza kuwahamisha, nawe ubaki na mzinga mtupu na maparachichi yasiyo na wachavushaji. Na asali yenye mabaki ya dawa itakukosesha mnunuzi.

Fanya haya:

- Ondoa masega meusi ya zamani.
- Unapovuna, waachie nyuki asali ya kutosha.
- Fungua majana machache ya madume uone kama kuna utitiri.
- Usiingize nyuki au malkia kutoka nje ya nchi.
- Kundi likizidi kudhoofika, mwone afisa nyuki wa wilaya kabla ya kwenda duka la pembejeo.

Yule mfugaji alitoa masega mawili meusi, dawa akairudisha kwa ng'ombe. Juzi nilipita kwake, nyuki walikuwa wakiingia na chavua.