Swift Sport ndani ya Tabora: rimu 17 au 16?

Wadau, Suzuki Swift Sport iliyoanza kuuzwa Japani 2017 (ZC33S) ina injini ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu za farasi 140, na ya gia za mkono ina kilo 970 tu. Inakuja na tairi 195/45R17. Inapendeza kinoma, ila kwa barabara zetu ni mtihani.

Piga hesabu: ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya 195, yaani milimita 88. Ukiacha lami, shimo moja tu rimu imepinda. Mimi nachagua rimu za inchi 16 na tairi 185/55R16. Ukuta unafika milimita 102, na kimo cha gurudumu zima ni 610 badala ya 607, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Jaribisha kwanza kama rimu haigusi breki.

Na nguvu? Tabora iko mita kama 1,200 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10. Turbo inafidia sehemu kubwa. Kwa hiyo usimwage hela kwenye ekzosi ya makelele wala kushusha springi. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji wapagazi wa Kinyamwezi waliikata kwa mguu. Na gari nalo, anza na miguu.

Nawasilisha.