Anayeisemea Picha

Wiki yetu ya Shume, huku kwenye milima ya Usambara, katika miaka ya 1990, ilianza Jumamosi. Mikanda ya video ilipanda na basi kutoka Mombo ikiwa kwenye mfuko wa rambo chini ya kiti cha kondakta, na kabla ya saa sita mchana mwenye kibanda cha video alikuwa ameshaandika kwa chaki ubaoni: saa nane Jet Li, saa kumi picha ya Kihindi, usiku ya wakubwa. Jenereta ilikaa nje, blanketi zikaziba madirisha, nasi tukabanana kwenye mabenchi na masweta yetu, ndiyo maana mahali hapo pakaitwa kibanda umiza. Jumapili watu walikuja wakitoka kanisani. Jumatatu shule nzima ilirusha mateke. Ijumaa kibanda hakikufunguliwa mpaka watu watoke msikitini.

Mtu wa Usambara hakuwa mgeni wa steringi, yaani shujaa wa picha. Tulilelewa na habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ungulu, akaua simba, watu wakamfanya mfalme, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala kutoka Vugha. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi, lakini sisi tuliyasikia kwa bibi, ambaye alisimama pale alipotaka, akamlaumu huyu, akamsifu yule, akatuuliza sisi tungefanyaje. Kwa hiyo tulipoanza kuangalia picha, tulitaka nayo iwe na mtu wa kuisemea.

Historia ya sinema nchini huanzia kwenye majumba ya mijini, kama Majestic ya Tanga, na foleni za kumwona Raj Kapoor. Ni historia nzuri. Lakini milima hii ina ya kwake, na mimi naamini inaeleweka tu ukifuatilia jambo moja: ni nani aliyeshika sauti wakati picha inapita.

Sauti ya kwanza ilitengenezwa Vugiri, upande wa kusini wa milima yetu, leo wilaya ya Korogwe. Mwaka 1935 lilianzishwa pale jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani na usimamizi wa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni. Upande wa elimu ulikuwa wa G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Ufundi ulikuwa wa L. A. Notcutt, aliyesimamia mashamba ya mkonge na kufikiria kwamba sinema ingewafanya vibarua waridhike na kambi zao. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35: kilimo, kodi, ngozi, benki ya akiba ya posta, malaria ya watoto wachanga, safura, na hadithi kama Gumu, ya kijana wa shamba anayeharibikiwa mjini. Waigizaji walikuwa Waafrika.

Ufundi wao naustahi. Utepe wa milimita 16 ulikuwa bubu, na maneno yalirekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri. Kwa namna hiyo filamu ileile iliweza kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Unabadilisha sahani tu. Lori lao likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likionesha picha usiku, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona kitu kama hicho.

Ila sikiliza sahani hizo zilisema nini. Lima hivi, lipa kodi, weka akiba, usikimbilie mjini. Lugha ilikuwa yetu, maneno yalikuwa yao, na mtazamaji hakupewa nafasi ya kujibu. Mwaka 1937 serikali za kikoloni zilikataa kuendelea kugharimia, Notcutt na Latham wakachapisha ripoti yao, na Vugiri ikanyamaza. Filamu tatu tu ndizo zinazojulikana kusalia, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Inaniuma kwamba mtoto wa Vugiri wa leo hukua bila kujua kuwa kijiji chake kilikuwa na studio ya filamu miaka mingi kabla ya Kampuni ya Filamu Tanzania kuanzishwa mwaka 1968.

Turudi kwenye wiki yetu ya Shume: katikati yake tulisoma. Gazeti la Sani, walilolianzisha Saidi Bawji na Nico ye Mbajo (silabi za mwanzo za majina yao ndizo zilizolipa jina), lilitufikia limechelewa na likiwa limeshapita mikononi mwa nusu ya Lushoto. Shangazi yangu alikuwa na duka la chumvi na mafuta ya taa. Nakala aliikodisha, na aliyeirudisha na doa la mafuta aliinunua. Humo waliishi Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Philip Ndunguru, mkono uliowapa sura Lodi Lofa na Ndumilakuwili, alifariki mwaka 1986, nasi miaka mingi baadaye tulikuwa bado tunamwiga pembezoni mwa madaftari. Watu wa Shume tulikuwa na haki ya penseli zaidi ya wengine: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikata hapa mitarakwa, mti ambao mbao zake zinachongwa penseli, wakaishusha kwa njia ya kamba mpaka stesheni ya Mkumbara.

Halafu akaja Lufufu, mtafsiri wa filamu. Jina lake halisi lilikuwa Derek Gaspar Mukandala, wengi walimwita Kapteni, na sijui kama kuna mtu mmoja aliyeingia nyumba nyingi za Tanzania kuliko yeye bila kubisha hodi. Sauti ya filamu ilishushwa, yake ikapanda, nzito na isiyo na haraka. Hakutafsiri neno kwa neno. Alitambulisha ukoo wa kila mtu, alimwonya steringi kabla ya mlango kufunguliwa, alitaja mitaa ya Dar es Salaam pale filamu ilipotaja ya Marekani, na mapenzi yakizidi aliingiza nasaha za mzee. Titanic ilifika huku kwa njia hiyo, na wakati huohuo Joshua Amandus Mtani akaichora upya kwa Kiswahili kama kitabu cha katuni. Kibandani wazee wasiojua kusoma walibishana kuhusu Jack na Rose kama wanabishana kuhusu mahari ya jirani. Hapo ndipo sahani ya Vugiri ilipopinduliwa: safari hii picha ilikuwa ya wengine na maneno yalikuwa yetu.

Kazi hiyo haikuwahi kuwa na hifadhi. Watafsiri hawakuwa na hatimiliki ya filamu walizozisemea, na stempu za kodi za filamu na muziki zilipoanza mwaka 2013, nakala za namna hiyo hazikuwa na pa kusimama. Simu ikamaliza yaliyobaki. Filamu zenyewe nyingi utazipata mtandaoni. Tafsiri nyingi za zamani zimebaki kwenye mikanda iliyo uvunguni mwa vitanda.

Na Shume ni mahali pabaya pa kutunza mkanda. Tuko juu, karibu mita 2,000, na ukungu wa msitu wa Magamba unaingia mpaka kabatini. Bonyeza kitufe cha ubavuni, inua kifuniko, utaona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe. Ni kuvu. Ukiuingiza hivyohivyo kwenye deki, inaganda kwenye hedi, picha inakuwa chenga, na mkanda utakaofuata unaharibika pia. Kwa hiyo nikitoka kwenye viazi, jioni yangu ni kitambaa laini, spiriti na kidole kinachozungusha rili polepole, kisha kuhamishia kwenye kompyuta kile kinachosikika. Boksi ninalolishughulikia sasa limetoka kwa mzee aliyekuwa na kibanda Manolo. Lebo nyingi wino wake umefutika. Ninapoziandika upya naweka kwanza jina la mtafsiri, kisha la steringi, na jina la filamu mwisho kabisa.