Kusitisha Kunyonga Si Kufuta Adhabu ya Kifo

Sierra Leone ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2021. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha Zambia, ambako Rais Hakainde Hichilema alitia saini Desemba 2022. Siku ya mwisho ya mwaka 2024 ikafika zamu ya Zimbabwe, kwa saini ya Rais Emmerson Mnangagwa, ambaye mwenyewe alihukumiwa kunyongwa enzi za Rhodesia, akanusurika kwa sababu ya umri wake mdogo. Sioni hatua nyingine ya haki za binadamu barani iliyo wazi kama hii.

Rwanda na Burundi zilitangulia, mwaka 2007 na 2009. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na Tanzania tangu katikati ya miaka ya 1990, ila mahakama zao bado zinatoa hukumu hiyo. Wapo wanaoisifu hali hii kuwa ni utu wa viongozi. Lakini uhai unaotegemea huruma ya kiongozi haujawa haki. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kutekeleza adhabu ya kifo. Machi 2024 waraka wa Waziri wa Sheria ukatosha kuondoa zuio hilo.

Kwa Tanzania, tatizo liko ndani zaidi. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamlazimisha jaji: mtu mzima akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, ni kifo, isipokuwa kwa mjamzito. Muuaji wa kukodiwa na mke aliyechoshwa na mateso ya miaka wakipatikana na kosa hilo, jaji hana namna ya kuwatofautisha. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya alitamka kuwa adhabu hii inakiuka Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha ikaiokoa kwa hoja ya maslahi ya umma. Hukumu hiyo inanisumbua hadi leo, kwa kuwa ilikiri ukatili na kuuruhusu papo hapo. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha kwetu, iliamua katika shauri la Ally Rajabu kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka ukapita, kifungu kikabaki. Kenya iliondoa ulazima kwa kosa la mauaji kupitia shauri la Muruatetu, 2017.

Husemwa kuwa wafiwa wanadai kisasi. Uchungu wao ni wa kweli, nao wanastahili upelelezi makini na kesi isiyozeeka mahakamani. Hukumu ambayo kila mtu anajua haitatekelezwa haiwapi hata kimoja kati ya hivyo.

Bunge la Tanzania lianze kwa kumrudishia jaji hiari yake, kisha lifute adhabu yenyewe. Likifika hapo, lisiige sehemu ya sheria ya Zimbabwe inayoruhusu adhabu hiyo irejeshwe wakati wa hali ya hatari.