Kusaka Hitilafu za Mtandao Mkoani: Kutoka Waya wa 1879 hadi Mashine Pepe

Bandari ya Mkoani, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Pemba, ndiyo mlango wanaoingilia abiria wengi na shehena kutoka Unguja. Habari nazo zilipita mlango huohuo kwa miaka mingi: barua, magazeti na bei za karafuu vilishuka na chombo, na chombo kikichelewa habari zilichelewa pia. Tangu hapo njia za mawasiliano zimeongezeka moja juu ya nyingine, na kila iliyokuja ilikuja na hitilafu zake. Iliyo changa zaidi haionekani kwa macho, kwani imo ndani ya kompyuta yenyewe. Ni mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu tupu ndani ya kompyuta halisi, na inayotaka kuunganishwa na mtandao wa nyumba kama kifaa kingine chochote.

Ufundi wa kutafuta hitilafu katika njia isiyoonekana ulifika visiwani mapema. Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu kule Isandlwana, na habari zikachukua karibu wiki tatu kufika London. Mshtuko huo uliharakisha kulazwa kwa waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka Zanzibar kuelekea Msumbiji na Durban. Kabla mwaka haujaisha, waya ulikuwa umepanda nchi kavu Unguja. Pemba iliendelea kungojea vyombo.

Mafundi wa waya ule waliacha urithi mkubwa kuliko jengo lao la Shangani, ambalo leo ni hoteli. Waya ukikatika kilindini hauonekani, wala meli haiwezi kuzunguka bahari nzima ikiutafuta. Fundi alikaa ufukweni, akapima ukinzani wa umeme kutoka ncha iliyo mkononi mwake. Ukinzani wa kila kipande cha waya ulikuwa umeandikwa tangu kiwandani, kwa hiyo hesabu ilimpa umbali wa mahali palipokatika. Mwenzake wa ncha ya pili alipima vilevile, na meli ikaenda pale hesabu mbili zilipokutana. Kazi ilianzia mahali palipojulikana ni pazima, ikasogea kuelekea pasipojulikana. Kusaka hitilafu za mtandao leo kunafuata utaratibu huohuo, na fundi anayeuruka hupoteza siku nzima akibadilisha mipangilio isiyo na kosa.

Simu za nyaya zilikuwa mikononi mwa shirika la umma kwa muda mrefu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika la Posta na Simu, nalo likagawanywa mwaka 1994 na kuzaa TTCL upande wa simu. Mwaka 1999 ilianzishwa Zantel, kampuni ya simu za mkononi yenye chimbuko Zanzibar, na minara ikaanza kufika mahali ambapo nyaya hazikuwahi kufika. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa kwa kebo ya umeme iliyopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Bila kebo hiyo, kuwasha kompyuta na ruta mchana kutwa kungebaki kuwa anasa.

Intaneti ya ukanda huu ilipitia kwenye setilaiti hadi Julai 2009, mkonga wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam. EASSy ukafuata mwaka 2010. Setilaiti hizo zilikuwa umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwenda na kurudi kwa ujumbe kulichukua zaidi ya nusu sekunde. Mikonga iliondoa uchelewaji huo, lakini ilirudisha tatizo la mwaka 1879. Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy ilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa kompyuta ya nyumbani unaoweza kuleta nafuu, na ndiyo maana kipimo cha kwanza huwa cha njia kuu, kwa simu au kompyuta nyingine, kabla mashine pepe haijaguswa.

Mashine pepe yenyewe ilizaliwa mbali na bahari hii. Wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, waliibuni katika miaka ya 1960 ili kompyuta moja ya gharama kubwa itumiwe na watu wengi, kila mmoja akidhani anayo yake. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilileta wazo hilo kwenye kompyuta za kawaida, na mwaka 2007 programu ya VirtualBox ikatolewa bila malipo. Hilo la mwisho ndilo lililomgusa mwanafunzi wa mahali kama Mkoani. Mwenye kompyuta ya mkononi moja tu anaweza kujifunza Linux, kusimamisha seva na kuiharibu apendavyo bila kuigusa mashine anayoandikia kazi za skuli. Ni nafasi ya thamani mno kwa mtu asiye na maabara, na haifai aikose kwa sababu ya anwani moja isiyopatikana.

Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mashine pepe mgeni. VirtualBox, isipoelekezwa vingine, humficha mgeni nyuma ya mwenyeji kwa njia ya NAT, iliyoelezwa mara ya kwanza katika waraka wa Mei 1994 wa Kjeld Egevang na Paul Francis, wakati anwani za intaneti zilipoanza kuonekana haba. NAT hufanya kazi kama sanduku la posta la skuli ambalo walimu wote wanalitumia: barua za nje huja kwa anwani moja, na karani wa ndani ndiye anayejua ipi ya nani. Mgeni hupewa anwani 10.0.2.15, lango lake ni 10.0.2.2, na majina ya tovuti anaweza kuyauliza 10.0.2.3.

Upimaji huanzia hapo. Mgeni mwenye anwani inayoanza na 169.254 hakupewa anwani na yeyote. Amejipa mwenyewe, kwa kuwa ombi lake la anwani halikujibiwa. Anwani ikiwa sahihi, huulizwa lango, kisha namba ya nje kama 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likakataa, kosa liko kwenye huduma ya majina. Hili hutokea sana kompyuta inapohamishwa kutoka ruta kwenda mtandao wa simu huku mgeni amelazwa tu bila kuzimwa: akiamka anauliza majina kule alikokwisha kuondoka. Kumzima na kumwasha upya kwa kawaida humaliza kazi. Amri ya ping, iliyoandikwa na Mike Muuss Desemba 1983, hutosha kwa vipimo vingi hivi. Lakini katika QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, ping inaweza kunyamaza na kurasa za tovuti zikafunguka vizuri, kwa hiyo ukimya wake peke yake si ushahidi.

Njia ya pili ni daraja, ambapo mgeni huomba anwani kwa ruta ya nyumba na kuonekana kama kifaa kamili. Kwa waya hufanya kazi bila shida. Kwa Waifai ndipo watu wengi hukwama, na kosa si lao: kituo cha Waifai humtambua kila mteja kwa anwani moja ya kadi, na fremu zinazotoka kwa mgeni zikibeba anwani ya kadi nyingine hutupwa. VirtualBox hujaribu kuzibadilisha, lakini hufaulu kwenye baadhi ya kadi tu. Katika nyumba inayotumia simu kama ruta, ambako hakuna tundu la waya, ni busara kubaki na NAT, na kuongeza kadi ya pili ya mawasiliano baina ya mwenyeji na mgeni peke yao. Umeme ukikatika wakati daraja linatumika, ruta huzimika na kompyuta ya betri huendelea; ruta ikirudi inaweza kukigawia kifaa kingine anwani ya mgeni. Dawa ni mgeni kuomba anwani upya.

Kinachobaki ni seva inayotakiwa kufikiwa kutoka nje. Kufungua mlango kwenye VirtualBox na kwenye ruta hakutoshi pale kampuni ya simu nayo inapoweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Dalili yake husomeka kwenye ukurasa wa ruta: anwani ya upande wa nje ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, masafa yaliyotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, au ikianza na 10, hakuna mtu wa nje atakayeingia. Hapo mashine pepe ndiyo ianze mazungumzo, kwa kufungua njia ya kutoka hadi seva ya kukodi yenye anwani ya hadhara, na watumiaji waifikie kupitia huko.