Ngoma ya Wote, Vyombo vya Nani?

Askari na wapagazi waliorudi Dar es Salaam baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliukuta mji umebadili bendera. Waingereza waliuteka Septemba 1916, na jengo la soko lililojengwa na Wajerumani liligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, na Kariakoo ikazaliwa. Kutoka hapo hadi Gerezani ni mwendo wa dakika chache tu, na katika mitaa hiyo ngoma ya beni ilipata wapenzi wengi.

Beni ilikuwa imeanza pwani ya Kenya kabla ya vita, ikiiga bendi za kijeshi: magwanda, gwaride, ngoma kubwa na tarumbeta kwa aliyezipata. Vita viliitawanya bara, nayo Dar es Salaam ikagawanyika pande mbili. Marini ilikuwa ya makarani na watu waliosoma, Arinoti ikawapokea zaidi vibarua na wageni kutoka bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima, kilichotoka 1975. Jambo linalojitokeza humo ni kwamba beni haikuwa burudani peke yake. Ilikuwa pia chama cha kusaidiana, na mwanachama akifariki mbali na kwao, wenzake ndio waliosimamia maziko. Kwa hiyo ngoma iliyonunuliwa kwa michango ilikuwa mali ya shughuli na ya msiba pia.

Ni rahisi leo kuvicheka vyeo vya beni. Kulikuwa na wafalme na magavana, na kila mmoja na vazi lake. Lakini vyeo hivyo vilikuwa na kazi. Mali ya wote huharibika pale ambapo hakuna mmoja wa kuulizwa, na mtu anayeitwa Gavana mbele ya mtaa mzima hawezi kuiuza tarumbeta ya chama usiku kisha asubuhi akapita barazani kwa amani.

Moyo huohuo ulihamia kwenye siasa. Kleist Sykes, mfanyakazi wa reli aliyekaa Mtaa wa Kipata, Gerezani, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929 na katibu wake wa kwanza. Jengo la chama hicho katika Mtaa wa New Street, sasa Lumumba, lilijengwa kwa michango na kwa nguvu za wanachama waliojitolea. Tarehe 7 Julai 1954 chama kikageuka TANU, nalo jengo likaendelea na kazi chini ya jina jipya. Kleist alikuwa amefariki miaka mitano kabla, lakini nyumba haikuwa ya Kleist, ilikuwa ya chama.

Bendi za dansi zilirithi mpango huu wa mali ya chama. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932 na ngoma na vyombo vya kupuliza, kisha zikaongezwa nyuzi: banjo, mandolini, fidla, baadaye magita. Zilizofuata zilibeba majina ya makwao, yaani Rufiji Jazz, Ulanga Jazz, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande (1958), na Western Jazz ya Iddi Nhende (1959), iliyoitwa kwa jina la Jimbo la Magharibi alikotoka. Ng'ambo ya maji, klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, ilikuwa imeagiza vyombo vyake kutoka Misri mapema kabisa. Wapigaji wa klabu hiyo wamepokezana kwa zaidi ya karne moja.

Lakini gita la umeme si sawa na ngoma ya ngozi. Linahitaji spika na vikuza sauti, na bei ya seti nzima haitoshelezwi na ada za wanachama. Hapo ndipo mwenye vyombo alipopata nguvu. Mara nyingine alikuwa mtu binafsi mwenye fedha. Baada ya uhuru, mara nyingi zaidi alikuwa taasisi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz, na miaka ya 1970 kukawa na Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, na bendi za polisi na jeshi. Mwanamuziki alipata mshahara, jambo ambalo klabu za zamani hazikuweza kumpa. Alichopoteza ni sauti katika mali. Gita alilolipiga usiku kucha lilirudi stoo ya shirika.

Mwaka 1978 mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake waliiacha NUTA Jazz, ambayo wakati huo ilikuwa imekuwa JUWATA Jazz, wakaenda kuanzisha Mlimani Park. Waliondoka na sauti, vidole na wapenzi wao, vyombo vikabaki. Mlimani Park nayo ilikuwa mali ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikapita mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Miaka miwili baadaye Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwavuta Gurumo na mwimbaji mwenzake Hassan Bitchuka kutoka huko. Katika miaka ile ya uhaba wa fedha za kigeni, aliyekuwa na seti nzima ya vyombo aliweza kuita nyota yeyote.

Baadaye Gurumo alirudi katika bendi yake ya zamani, JUWATA, iliyokuja kuitwa Msondo, na kuimba huko hadi alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya nusu karne jukwaani. Alipoaga aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajawahi kumiliki gari. Msanii wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, akamzawadia moja. Gurumo alifariki Aprili 2014.